Chuma cha Bembea: Kichague kwa Namna Kitakavyoharibika

Kila Idd inapokaribia swali hurudi: bembea za watoto zijengwe kwa chuma gani? Wanaouliza ni mafundi wa kuchomelea walioitiwa kazi, walimu wa shule na duksi waliopata mchango kidogo wa wazazi, na vijana wanaotaka kusimamisha bembea ya kuzunguka uwanjani Modogashe, kaskazini mashariki mwa Kenya, siku za sikukuu na kutoza kila mtoto shilingi chache. Wengi hutaka kutajiwa jina la chuma, unene wake na bei yake, basi. Majina na unene yatatajwa hapa, lakini kuna jambo linalotangulia, na kwa maoni yangu ndilo linalopaswa kuamua mengine yote: nyenzo ya bembea ichaguliwe kwa kutazama itakavyoharibika, si kwa kutazama ilivyo imara siku inaponunuliwa.

Sababu ni hii. Chuma cha kawaida kikiwa kipya, hata cha bei ya chini, hubeba watoto bila taabu. Ndiyo maana bembea mbovu hupita majaribio ya siku ya kwanza: fundi hupanda, rafiki zake hupanda, haivunjiki, na watu huridhika. Hatari huja mwaka wa tatu au wa nne, ukuta wa bomba ukiwa umelika, kiungo kimepata ufa mwembamba kama unywele, na hakuna aliyeona. Kwa hiyo nyenzo inayofaa Modogashe ni ile ambayo mtu wa Modogashe, asiye na mashine ya kupimia ndani ya chuma, ataona inapoanza kuchoka, na fundi wa Modogashe ataweza kuibadilisha kwa vifaa alivyo navyo. Nguvu huja baada ya hapo.

## Kutu isiyoonekana ndiyo inayoua

Tarehe 26 Julai 2017, siku ya kwanza ya maonyesho ya jimbo la Ohio mjini Columbus, Marekani, mashine ya kubembeza watu iitwayo Fire Ball ilikatika ikiwa hewani. Kijana wa miaka 18 alifariki na watu saba wakaumia. Mashine hiyo haikuwa imesahauliwa porini. Wakaguzi walikuwa wameitazama na kuipitisha. Kampuni iliyoitengeneza, KMG ya Uholanzi, ilipochunguza ilisema kutu nyingi ndani ya boriti iliyobeba viti ilikuwa imepunguza unene wa ukuta wa boriti hiyo hadi kiwango cha hatari. Nje kulikuwa na rangi. Ndani chuma kilikuwa kinaisha.

Linganisha na yaliyotokea Carowinds, bustani ya michezo iliyo mpakani mwa majimbo mawili ya Carolina. Tarehe 30 Juni 2023 nguzo ya chuma inayobeba reli ya treni yao kubwa ya burudani, Fury 325, ilionekana imepasuka. Aliyeona hakuwa mhandisi, alikuwa mgeni aliyekuja kutembea. Treni ikafungwa, nguzo ikabadilishwa, na hakuna aliyeumia. Nchi ni ile ile na wataalamu hawakukosekana kokote. Tofauti ni kwamba ufa wa Carolina ulikuwa nje, mahali ambapo jicho la mtu wa kawaida lilifika.

Ikiwa nchi yenye wakaguzi na vipimo vya kila aina inaweza kupitwa na kutu ya ndani, sisi tusijenge kwa namna inayoificha.

## "Huku ni kukavu, kutu itoke wapi?"

Hili ndilo pingamizi la kwanza, na lina ukweli ndani yake. Bomba lililoachwa wazi Modogashe huliwa polepole kuliko bomba lililoachwa ufukweni Lamu. Lakini kutu haihitaji mvua ya kila siku. Maji ya visima vingi vya eneo hili yana chumvi, na maji hayo hayo ndiyo yanayochanganywa simiti, yanayomwagwa kutuliza vumbi na yanayooshea viti. Mvua za misimu ya Gu na Deyr zikija huja kwa nguvu; mwishoni mwa 2023, baada ya miaka ya ukame, mafuriko yalikumba sehemu nyingi za kaunti ya Garissa. Mbuzi na punda hulala kivulini chini ya bembea, na mkojo wao una chumvi unayoiacha pale pale nguzo inapoingia ardhini.

Kuna pia jambo ambalo ukavu wenyewe huleta. Bomba lililozibwa vibaya hunyonya hewa usiku linapopoa, na unyevu ulio katika hewa hiyo hubaki ndani. Mvua moja ikipenyeza maji kupitia tundu la bolti, maji hayo hukaa chini ya bomba wiki nyingi baada ya ardhi ya nje kukauka. Ukame hukausha nje. Hauwezi kukausha ndani ya chuma kilichofungwa.

## Uzito wa kweli anaoubeba mtoto akicheza

Wajenzi wengi huhesabu kilo za mtoto na kuishia hapo. Mtoto wa kilo 30 anayebembea mpaka mnyororo uiname nyuzi 60 huivuta boriti, anapopita chini kabisa, kwa nguvu ya kilo 60. Akibembea mpaka mnyororo ulale sambamba na ardhi, nguvu hiyo inafika kilo 90, yaani mara tatu ya uzito wake. Jioni ya Idd wakubwa nao hupanda, na mtu wa kilo 80 atafikisha kilo 240. Jenga kwa huyo, maana atapanda hata ukimkataza.

Bembea ya kuzunguka ina hila yake. Nguvu inayomsukuma mtoto nje haikui sawa na mwendo: mwendo ukiongezwa mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Kiti kilicho mita 2 kutoka katikati, kikizunguka mara moja kwa sekunde 5, humvuta mtoto kwa takriban theluthi moja ya uzito wake. Kikizunguka kwa sekunde 3, nguvu hiyo inakaribia uzito wake wote. Vijana wanaosukuma kwa mikono hufika sekunde 3 kwa urahisi, hasa watoto wakipiga kelele za furaha.

Halafu kuna kurudiarudia. Bembea yenye mnyororo wa mita 2.2 huenda na kurudi kwa sekunde 3 hivi, na kila safari hupita chini mara mbili. Kwa saa 8 kwa siku, katika siku tatu za Idd, boriti huvutwa na kuachiliwa takriban mara 57,600. Chuma hustahimili hayo kikiwa kinene kiasi kwamba mvuto huo ni mdogo kwake. Chini ya kiwango fulani cha mkazo, chuma hakichoki. Aluminiamu haina kiwango hicho. Huendelea kuchoka hata kwa mvuto mdogo, mpaka ipasuke siku moja. Kwa hiyo usiitumie kwa boriti wala mikono ya bembea, hata ukiipata kwa bei ya kutupa. Zaidi ya hayo, mashine ya kawaida ya vijiti iliyopo mjini haiwezi kuichomelea vizuri.

## Cha kununua, na cha kukataa

Kwa nguzo na boriti, chukua bomba la chuma la inchi 2 au zaidi lenye ukuta wa milimita 3 kwenda juu. Hapa ndipo pesa huokolewa vibaya. Chuma cha mraba cha geji 16 kina ukuta wa takriban milimita 1.6; kutu ikila nusu milimita, karibu theluthi moja ya chuma imekwenda. Nusu milimita hiyo hiyo ikiliwa kwenye ukuta wa milimita 3.6 ni sehemu moja ya saba tu. Unene unawanunulia watoto miaka, na unampa mkaguzi nafasi ya kugundua kabla mambo hayajaharibika. Usiamini geji iliyoandikwa kwenye risiti. Pima ncha iliyokatwa, ukiwa umeondoa makombo ya msumeno.

Penye nafasi ya kuchagua kati ya chuma kilichofungwa na kilicho wazi, kwa mfano mikono ya bembea ya kuzunguka, napendelea angolaini nene kuliko chuma cha mraba. Angolaini ni nzito kidogo na haipendezi sana machoni, lakini pande zake zote zinaonekana na zinapakika rangi. Hakuna mahali kutu itajificha.

Vya kukataa, hata ukipewa bure:

- Springi za lori. Ni chuma kigumu chenye kaboni nyingi; ukikichomelea bila kukipasha na kukipoza kwa utaratibu, sehemu iliyo kando ya kiungo hukakamaa na kukatika ghafla bila kupinda kwanza.
- Nondo iliyokunjwa kuwa ndoano ya kuningʼinizia mnyororo. Kazi yake ni ndani ya zege. Ikikunjwa kwa ukali na kuchomelewa, huanza kupasuka kwenye mkunjo.
- Chuma chochote kilichopakwa rangi upya na muuzaji anayekataa ukikwangue.

Bomba lililopakwa zinki ni zuri, mradi zinki hiyo iondolewe kwa grainda sentimita chache pande zote kabla ya kuchomelea, na kazi ifanyike nje penye upepo. Moshi wa zinki humletea fundi homa na kutetemeka usiku ule ule. Baada ya kuchomelea, sehemu iliyobaki uchi ipakwe rangi yenye zinki nyingi siku hiyo hiyo, maana hapo ndipo kutu itaanzia.

## Mabomba ya kisima: yapeleke kwenye mizani

Mabomba yanayongʼolewa visimani hupatikana kwa bei nafuu kote kaskazini mashariki, na wengi huuliza kama yanafaa. Baadhi yanafaa. Tatizo ni kwamba yamepitisha maji ya chumvi kwa miaka, kwa hiyo yameliwa kutoka ndani, upande usioonekana. Bahati nzuri kuna kipimo kisichohitaji mtaalamu. Bomba jipya la inchi 2, lenye kipenyo cha nje cha milimita 60.3 na ukuta wa milimita 3.6, lina uzito wa kilo 5.03 kwa kila mita. Urefu kamili wa mita 6 ni kilo 30 na kidogo. Lipige brashi ya waya, toa tope na magamba ya chumvi ndani, kisha litundike kwenye mizani ya kupimia magunia. Likionyesha kilo 24, sehemu moja ya tano ya chuma imeshaliwa, na hilo ni wastani tu. Mahali fulani limeliwa zaidi.

Baada ya mizani, toboa tundu dogo katikati ya bomba na jingine karibu na ncha, ingiza waya uliokunjwa ncha yake, uvute mpaka ushike ukuta wa ndani, weka alama na upime. Ukipata chini ya milimita 3 mahali popote, bomba hilo likawe uzio wa boma la mbuzi. Matundu uliyotoboa kwenye bomba lililopita yazibwe vizuri.

## Viungo: kosa kubwa liko hapa

Nyufa nyingi huanza kando ya sehemu iliyochomelewa, si katikati ya chuma. Moto wa kuchomelea hubadilisha chuma kilicho jirani, na umbo la kiungo hukusanya mkazo mahali pamoja. Ushauri wangu ni kwamba kila sehemu inayobeba mtu na inayosogea ifungwe kwa bolti, na kuchomelea kubaki kwa fremu isiyosogea. Bolti hutolewa, hutazamwa, hubadilishwa. Kiungo kilichochomelewa hukatwa tu.

Nunua bolti zenye alama 8.8 kichwani. Zisizo na alama huenda zikawa laini kiasi cha kurefuka zinapokazwa. Weka nati yenye plastiki ya kuzuia kulegea, au nati mbili. Hili si jambo dogo hapa: bomba la mita 6 likitoka ubaridi wa alfajiri wa nyuzi 20 na kufika nyuzi 60 juani adhuhuri, hurefuka karibu milimita 3, kisha hurudi usiku. Kila siku, mwaka mzima. Nati ya kawaida italegea bila kuguswa na mtu.

Kwa mhimili wa bembea ya kuzunguka, hab ya gari yenye bering zake ni chaguo zuri kuliko bomba kuzunguka ndani ya bomba, kwa sababu ilitengenezwa kubeba uzito mkubwa zaidi na vipuri vyake hupatikana. Ifunge kwa bolti zake zenyewe. Ukichomelea juu yake utaharibu bering na kukakamaza chuma. Vumbi la Modogashe likichanganyika na grisi husaga bering, kwa hiyo funika hab kwa kifuniko na ubadilishe grisi kila baada ya msimu wa vumbi.

## Jua, na mtelezo unaochoma

Mtelezo wa bati au chuma ukiachwa juani huunguza ngozi ya mtoto kwa sekunde chache. Vitabu vya nchi za kaskazini hushauri mtelezo uelekezwe kaskazini ili ukwepe jua. Modogashe iko karibu na ikweta, jua hupita utosini, na mwelekeo huo hausaidii kitu. Dawa ni kivuli cha kweli juu yake, au mtelezo wa simiti iliyolainishwa vizuri chini ya mti.

Plastiki nayo huchoma, na zaidi ya hapo jua huivunja. Kila nyumba imeona mtungi wa njano wa lita 20 ulioacha kupinda na kuanza kukatika vipande. Kiti cha bembea cha plastiki hufuata njia hiyo hiyo. Ukilazimika, chagua plastiki nyeusi ya aina ya matangi ya maji. Rangi ile nyeusi ni masizi ya kaboni yanayokinga plastiki na jua. Kamba za nailoni na zile za plastiki za kufungia mizigo zisibebe mtu kabisa. Tumia mnyororo wa chuma uliopakwa zinki wenye pete fupi ambazo kidole hakiingii.

## Mbao na tairi

Mbao ina heshima yake, lakini hapa ina adui anayeshambulia kwa njia ile ile ya kutu ya Ohio: mchwa hula ndani na kuacha ganda la nje likiwa zima. Nguzo zilizotiwa dawa huwazuia, ila dawa zenyewe ni sumu. Dawa yenye shaba, kromu na aseniki iliondolewa kwenye mbao za majumbani na viwanja vya watoto Marekani mwishoni mwa 2003, kwa hofu ya aseniki kushika mikononi. Kwa hiyo nguzo ya umeme iliyozeeka si nguzo ya bembea.

Tairi ni kiti kizuri na laini. Angalia tu nyaya za ndani zisichomoze, na utoboe matundu chini maji yatoke. Garissa iliyopata homa ya Bonde la Ufa mwaka 2006 na 2007 haihitaji madimbwi ya mbu ndani ya viti vya watoto.

## Kasri la hewa

Wengine husema wataepuka chuma kwa kukodi kasri la kupuliza. Tarehe 16 Desemba 2021 huko Devonport, Australia, kisulisuli kilinyanyua kasri la namna hiyo shuleni na watoto sita wakafariki. Visulisuli tunavijua, wakati wa kiangazi hupita uwanjani mchana kweupe. Likitumika, kila pete ya kufungia iwe na kigingi chake, bila kuruka hata moja. Mchanga mkavu haushiki kigingi kifupi. Tumia vya chuma virefu au funga kwenye mapipa yaliyojaa zege. Upepo ukianza kuinua vumbi, watoto washuke kwanza.

## Msingi

Zege ya nguzo ichanganywe kwa maji matamu, hata kama ni ya kununua kwa mkokoteni wa punda, na mchanga wa laga usio na ladha ya chumvi ukiuweka ulimini. Ifunikwe kwa magunia yenye maji kwa siku 7, kwa maana jua letu huikausha kabla haijakomaa. Uso wa juu uinuliwe juu ya ardhi na uwe na mteremko, maji na mkojo vitiririke mbali na bomba. Bomba lisiishie kwenye udongo mtupu.

## "Lakini hii ni ghali"

Ndiyo, chuma kinene na bolti zenye alama vitaongeza gharama, na kuvisafirisha kutoka Garissa au Isiolo huongeza tena. Jibu langu si kupunguza unene. Punguza idadi. Bembea mbili nene badala ya nne nyembamba. Boriti yenye urefu wa mita 2.5 badala ya 5. Kimo cha chini. Boriti ikifupishwa nusu, nguvu inayoikunja kwa mtoto mmoja hupungua nusu, na hilo halina gharama yoyote. Wanaosema bembea zao nyembamba zimedumu miaka bila kuvunjika wanaeleza yaliyopita tu. Boriti ya Ohio nayo ilidumu miaka 18.

## Asubuhi kabla watoto hawajafika

1. Gonga kila bomba kwa nyundo ndogo kuanzia chini. Sauti ikibadilika kutoka mlio mkali hadi mzito, kwangua rangi hapo.
2. Tazama kwa tochi kando ya kila kiungo kilichochomelewa. Mstari mwembamba wa kutu unaotoka kwenye rangi ni ufa mpaka ithibitishwe vinginevyo.
3. Fukua nguzo kiasi cha kiganja pale inapokutana na zege.
4. Kaza kila nati, na uhesabu zote zipo.
5. Pandisha watu wazima mara mbili ya uzito uliokusudiwa, kisha ukague tena. Jaribio bila ukaguzi wa pili halikuambii kitu.

Rangi ya sikukuu ipakwe baada ya ukaguzi, kamwe si kabla. Na chuma ulichokikataa kikate vipande vya nusu mita siku hiyo hiyo kabla ya kukiuza kama chakavu, kwa sababu bomba refu lenye rangi nzuri halitakosa mnunuzi, na huenda likarudi uwanjani Idd ijayo likiwa na mtoto juu yake.